Ulizeni Kwanza Lilizimikaje

Hotuba kwa vijana wa ufundi magari na wenye magari ya zamani, Mtwara

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wangu, habari za asubuhi. Assalaam aleikum, na Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa niseme habari ya kufufua injini za magari ya zamani yaliyokaa miaka bila kuwashwa. Nimekubali kwa sababu jambo hili linaniuma. Kila nikipita njia ya Nanguruwe, Nanyamba, Tandahimba hadi Newala, nayaona magari chini ya mikorosho. Land Rover imeota majani mpaka kwenye usukani. Lori la Bedford halina bodi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Safari inayofuata napita tena, gari halipo. Pamebaki doa la oili na alama nne za matairi. Limekatwa kwa gesi, limepimwa kwa kilo, limekwenda zake kwenye chuma chakavu. Reli yetu ya kutoka Mtwara kwenda Nachingwea iling'olewa miaka ya 1960, na leo wajukuu wanaijua kwa kusimuliwa tu. Sitaki magari haya nayo yawe ya kusimuliwa.

Wazee mliopo hapa mnajua yalitufaa nini. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji tulikuwa tunauvuka kwa pantoni, na masika yakikolea kusini yote inabaki kisiwa. Mgonjwa alipandishwa Land Rover. Korosho zilipandishwa Bedford. Fundi wa wakati ule alitembea na kipande cha sabuni cha kuzibia tenki lililotoboka, na waya wa kufungia ekzosti. Gari la namna hiyo limelala miaka kumi na tano, halafu kijana analigonga bodi kwa ngumi na kusema, "Hili limekufa." Nani kakuambia?

Ninachotaka mwondoke nacho hapa leo ni hiki: injini nyingi zilizolala hazikufia usingizini. Zimeuawa siku ya kuamshwa, na waliokuja kuziamsha. Nayasema haya nikiwa mmoja wa walioua.

Nilikuwa kijana, nafanya kazi Lindi. Lililetwa kwetu gari la petroli lililokuwa limekaa ghalani miaka minane. Tukatia betri mpya, tukatia petroli mpya juu ya ile ya zamani, tukapiga stata. Ikatoa mlio mmoja, ta, ikanyamaza. Injini imekamata, haizunguki. Nikawaambia wenzangu tulifunge kwenye trekta, tutie gia ya pili, livutwe. Mwenye gari alisimama pembeni ananitazama kama daktari. Trekta likavuta, magurudumu ya nyuma yakaburuzika mchangani, halafu kitu kikaachia ndani ya injini. Sote tulidhani imefunguka, tukashangilia. Tulipokuja kufungua silinda hedi tukakuta ringi mbili zimevunjika vipande, pistoni imemeguka kwenye mifereji ya ringi, ukuta wa silinda umechimbika kama umelimwa kwa jembe. Mzee yule hakunigombeza. Aliuliza tu, "Sasa mwanangu, ndiyo basi?" Lile swali bado ninalo. Injini ile ilikuwa nzima. Ilihitaji wiki moja ya kulowekwa, mimi nikaipa dakika tano za trekta.

Sasa niwaeleze ile wiki ina nini ndani yake, na nitatumia gari ambalo baadhi yenu mmeliona likipita hapa mjini. Ni Land Rover Series III, ile ndefu, ya mama mmoja wa upande wa Nanguruwe. Series III zilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hii ina injini ya petroli ya silinda nne, ukubwa wa sisi (cc) 2,286, na tundu la hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, mbele kwenye bampa. Marehemu mumewe ndiye aliyeliendesha. Lilikaa chini ya mkorosho miaka kumi na saba. Shemeji zake walikwisha kupatana bei na watu wa chuma chakavu, yeye akakataa, akanipigia simu.

Nilipofika sikufungua boneti. Nilikaa mkekani, nikapewa maji, nikauliza, "Mama, siku ya mwisho gari hili lilizimikaje?" Kijana niliyekwenda naye alinishangaa. Lakini kuuliza si ujinga, na hapo pana nusu ya kazi nzima. Mama akasema liliingia lenyewe, jioni, limetoka kupeleka korosho ghalani. Halikuwa linatoa moshi. Halikuwa linachemsha. Mzee alilizima kwa ufunguo, akaingia ndani, kesho yake akaugua, na hakulishika tena.

Mnasikia maneno hayo? Gari lililoingia kwa miguu yake, bila moshi, bila kuchemsha, ndani ni zima. Ugonjwa wake ni kutu na ukavu tu. Lakini angeniambia, "Lilivutwa kwa kamba, lilichemsha likagonga gonga," ningejua limenoki, yaani limeharibika ndani, kabla halijalala, na hapo hakuna dawa ya kuloweka, ni kufungua injini yote. Fundi asiyeuliza atalitibu hili kwa dawa ya lile. Na usimwulize mwenye gari peke yake. Muulize na mtoto aliyekuwa akilisukuma. Muulize utingo. Utingo huwa anakumbuka vitu ambavyo dereva aliona aibu kuvisema.

Kwa nini injini ikikaa inakamata? Ukiizima, oili iliyopaka kuta za silinda inateremka taratibu kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Inapita miezi, kuta zinabaki tupu. Na katika injini ya silinda nne, popote krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, itakaposimama, haikosekani silinda ambayo valvu yake imebaki wazi, ama ya kuvutia hewa, ama ya kutolea moshi. Unyevu unaingia hapo. Ringi za pistoni ni chuma, ukuta wa silinda ni chuma, na hewa yetu sisi wa pwani mnaijua, ina chumvi. Kutu inashona ringi na ukuta. Ni mshono mwembamba kama karatasi, ila ukiuvuta kwa nguvu ya trekta unapasuka na nyama yake.

Kwa hiyo nilifungua plagi zote nne. Tatu zilikuwa kavu, zina masizi ya kawaida. Ya silinda namba tatu ilitoka nyekundu. Nikajua mlango ulikuwa huo. Nyuma kwenye ekzosti nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo, na kwenye filta ya hewa, ile ya kuogea oili, panya walikuwa wamezaa zaidi ya mara moja. Msicheke. Kabla hujazungusha chochote, hakikisha panapoingia hewa ni peupe na panapotoka moshi ni peupe, la sivyo injini itaimeza ile takataka.

Dawa yangu ni mafuta ya gia boksi ya otomatiki, yale mekundu, nusu kwa nusu na asetoni, ile wanayoondolea rangi ya kucha saluni. Hazipatani hizo mbili, zinaachana, kwa hiyo tikisa chupa kila mara kabla ya kumimina. Na asetoni inashika moto upesi, usiwe na sigara wala jiko karibu. Ukikosa asetoni, dizeli na mafuta hayo hayo mekundu vinafanya kazi, ila vinachelewa. Nilimimina kama vijiko vitatu vya mezani kila silinda, nikafunika matundu kwa kitambaa, nikaenda nyumbani. Kesho yake nikaongeza. Keshokutwa nikaongeza.

Kila asubuhi na kila jioni nilijaribu kidogo. Nilichora mstari wa chaki kwenye puli ya krenki ili jicho lisinidanganye. Hendeli inazungusha upande mmoja tu, ukiirudisha nyuma inatoka kwenye meno yake, nami nilitaka pistoni zitikiswe pande zote mbili, mbele na nyuma, kama unavyong'oa msumari wenye kutu. Basi tulitia gia ya nne, plagi zikiwa nje, tukawa watatu, tunalisukuma mbele kwa mabega, tunalirudisha. Hatukulisukuma kwa kishindo. Unaegemea uzito wako, unaacha. Unaegemea, unaacha. Gia ya nne nimeichagua kwa sababu ukilisukuma gari, gia ya juu ndiyo inayofikisha nguvu ya mabega kwenye krenki. Tungetia gia ya kwanza, magurudumu yangegoma tu, na krenki isingetikisika.

Siku ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu yule kijana wangu akasema kuna trekta kijijini. Nikamwambia aende akanywe chai. Siku ya sita, jioni, mstari wa chaki ulisogea upana wa kidole kimoja. Sikupiga kelele, nilirudisha nyuma kidole kile kile, nikamimina dawa tena, nikafunga kazi. Yaani hapo ndipo kijana anapoharibu: ikisogea kidogo anataka imalize mzunguko. Usikubali. Ile kutu iliyokwanguka imekaa mbele ya ringi kama mchanga. Ipe usiku mmoja ilainike. Siku ya saba ilizunguka mzunguko mzima kwa hendeli, nyepesi, ikitoa sauti ya kulamba.

Hapo bado hakuna betri. Nilifungua nati ya sampu, yakatoka maji kwanza, kama kikombe kizima, ndipo ikafuata oili nyeusi nzito kama lami. Maji hayo ni unyevu wa miaka kumi na saba uliotuama chini. Ukiwasha bila kumwaga, pampu inanyonya maji na kuyapeleka kwenye beringi. Nikatia filta mpya na oili mpya, 20W-50. Kisha nikafungua kifuniko cha tapeti, kile cha juu ya valvu, nikamwambia kijana azungushe hendeli polepole, mimi natazama valvu moja moja inashuka na kupanda. Saba zilikwenda. Moja, ya kutolea moshi, silinda ile ile namba tatu, ilishuka ikabaki chini. Tungepiga stata siku ile, kile kifimbo kinachoisukuma kingeweza kuchomoka mahali pake na kupinda. Niliipaka dawa shingoni, nikaigonga kwa mpini wa nyundo, mpini wa mti nasema, mpaka ikapanda. Ilichukua saa nzima. Baadaye nikaweka nafasi za tapeti zote kwa fila, vile vibati vya kupimia, milimita 0.25, za kuvutia na za kutolea zote sawa kwa injini hii.

Ndipo tukaweka betri, plagi zikiwa bado nje, tukapiga stata vipindi vifupi, ikakohoa ile dawa yote kupitia matundu ya plagi. Wekeni nyuso zenu mbali hapo. Tuliendelea, tukipumzisha stata, mpaka taa ya oili ikazimika na oili ikaonekana inachuruzika juu kwenye roka, ile mikono inayosukuma valvu. Ikifika kule juu, moyo unatulia. Beringi za krenki zimekwisha kupata.

Moto, yaani umeme wa plagi, haukunisumbua sana. Pointi za distributa zilikuwa na ukungu wa kijani, nikazipitishia msasa laini, nikazifuta kwa kitambaa safi, nikaweka nafasi milimita 0.35 hadi 0.40. Waya mbili panya walikuwa wamezila. Nyaya za shaba zilizo wazi zilikuwa nyeusi tii. Hiyo ni salfa. Gari likilala shambani kwa korosho, kila msimu wa kupulizia mikorosho dawa linaoga salfa, na salfa na shaba ni maadui. Zikateni mpaka mwone shaba inang'aa. Mpangilio wa moto wa injini hii, yaani silinda zinavyopokezana kuwaka, ni 1-3-4-2, uandikeni kwa chaki ukutani kwenye gereji zenu.

Petroli ndiyo inayowadanganya wengi. Kila mwaka msimu wa kupulizia ukianza, mnaletewa zile mashine za salfa zinazobebwa mgongoni, zinagoma. Mwenyewe anasema, "Jana nimeitia petroli mpya." Mnafungua kabureta, mnakuta gundi ya rangi ya asali. Mwaka jana aliiweka na petroli yake ndani. Basi ugonjwa ni huo huo, ila huku ni miaka kumi na saba. Ile petroli nyepesi inayoshika moto imeruka, iliyobaki imegeuka vanishi na kuziba vile vitundu vidogo. Tenki la Land Rover ile lilikuwa na harufu ya karakana ya seremala. Sikuligusa siku hiyo. Nilifungua kabureta, nikaloweka, nikapuliza vitundu kwa upepo. Usichokonoe kitundu kwa waya. Ukikipanua, injini itakunywa petroli mpaka mwenyewe aiuze. Ngozi ya pampu ya petroli ilikuwa imekauka kama ganda la ndizi, nikaweka nyingine. Na kwa kuwashia nikatumia kidumu kidogo cha lita moja, petroli mpya, kimefungwa imara pembeni, mbali na ekzosti, na ndoo mbili za mchanga zimekaa tayari. Pale uwanjani watoto walikuwa wamejaa. Niliwaondoa wote kabla ya kugusa ufunguo.

Maji yaliyotoka kwenye rejeta yalikuwa mekundu kama udongo wa barabara ya Newala. Tuliyasukuma kwa mpira mpaka yakatoka meupe. Hilo halina mengi.

Ilishika mara ya tatu. Kwanza ikatoa moshi mweupe mzito ukafunika mkorosho mzima, watu wakadhani inaungua. Ni ile dawa, ilikuwa inaisha kwenye ekzosti. Mimi sikutazama moshi, nilitazama taa ya oili, mkono uko kwenye ufunguo. Taa ikazimika upesi. Nikasikiliza. Silinda tatu zilikuwa zinaongea, ya nne inasitasita, halafu nayo ikaingia. Niliizima baada ya dakika tatu. Nikagusa, nikakagua, nikakaza palipovuja, nikawasha tena. Oili ile niliimwaga siku hiyo hiyo jioni ingawa ilikuwa mpya, kwa sababu kutu yote iliyooshwa ilikuwa ndani yake. Wenye magari, fundi akikwambia ununue oili mara mbili kwa kazi hii, hakuibii.

Na sasa nasema jambo ambalo nalitaka lisikike hata na walioko nyuma kule. Injini ikishawaka, watu wanapanda. Ndivyo tulivyo, furaha inatupandisha. Mjomba anakaa kwenye usukani, watoto nyuma, twende mpaka barabarani! Wakati huo hakuna aliyefungua gurudumu hata moja. Mipira ya silinda za breki imekaa miaka kumi na saba. Ukikanyaga mara ya kwanza inashika, ya pili inashika, ya tatu, kwenye mteremko, pedali inafika chini haina kitu. Matairi yana nyufa mnazoziona kwa macho. Siku ile nilitoa ufunguo nikauweka mfukoni, nikamwambia mama, "Gari limefufuka, ila bado haliwezi kutembea." Alinielewa upesi kuliko shemeji zake. Wiki mbili zilizofuata zilikuwa za breki, mabomba, tenki na klachi iliyokuwa imeganda, na gharama yake ilizidi ya injini. Mwenye gari mwambieni hilo mapema, kabla hamjashika spana, asije akauza mbuzi wa kuwashia akakosa wa kusimamishia.

Kuna kijana ameniuliza pale nje: mzee, spea zipo? Za Land Rover hizi zipo, na nyingi mnaweza kuzitengeneza wenyewe. Gasketi ya karatasi unaikata kwa mkasi. Bomba la breki unalipiga kichwa kwa kifaa chake. Injini hizi hazina kompyuta ya kukuficha kitu. Kijana anayejifunza kwenye injini ya namna hii anaona kwa macho yake moto unatoka wapi, petroli inapita wapi, oili inapanda vipi, na kesho akikutana na gari la kisasa hataibadilisha sensa ambayo haina kosa. Ndiyo maana nawaomba wakuu wa karakana: msiwaachie watu wa chuma chakavu kila kitu. Bakizeni injini mbili tatu za zamani za kufundishia.

Nimesema vya kutosha. Mnaiona ile Bedford pale chini ya mwembe. Imeletwa jana kwa kuvutwa, na hakuna aliyeigusa, nimekataza hata boneti isifunguliwe. Mwenyewe ni babu yetu huyu aliyekaa kiti cha mbele. Vijana, vaeni ovaroli, sogeeni karibu. Wewe uliyeniuliza habari ya spea, anza wewe. Mshike mkono, mwamkie, halafu muulize.

Shikamoo babu. Siku ya mwisho lilizimikaje?